Joka la Kibisa Ndani ya Kioo: Mwongozo kwa Mfugaji wa Entarara, Kajiado

Siku utakayomleta gobi joka nyumbani, jiandae kuhojiwa. Kijana wa bodaboda atataka kujua kama huo ni mkunga. Mama mboga atauliza kama analiwa kwa ugali au kwa wali. Watoto wote wa ploti watajipanga mlangoni, na mdogo kuliko wote ataombwa aguse kioo kwanza. Kisha atakuja mzee jirani, mtu aliyechunga ng'ombe tangu akiwa layoni, mvulana mdogo. Atainama, atatazama kwa muda mrefu bila kusema neno, halafu atatamka kama alivyonitamkia mimi: "Mwanangu, nyoka wako amekonda. Unamnyima nini?"

Mzee alikosea jina tu. Mengine yote aliyaona sawasawa, na mwongozo huu mzima nimeujenga juu ya jicho lake.

Huyo si nyoka. Ni samaki wa jamii ya gobi, mrefu kama mkanda, mwenye mng'ao wa zambarau na pezi moja la mgongo linalotambaa hadi mkiani. Wanasayansi humwita Gobioides broussonnetii, jina linalotokana na maandishi ya Mfaransa Lacepède ya mwaka 1800. Kwao ni pwani ya magharibi ya Atlantiki, kutoka kusini mashariki mwa Marekani hadi Brazili, kwenye matope ya midomo ya mito. Huko anaweza kupita nusu mita. Nyumbani wengi huishia sentimita 40 hivi. Ana mdomo mpana wenye meno ya kutisha, na macho madogo kama mbegu za mchicha.

Sasa tazama anavyotumia meno hayo. Anateka matope kinywani, anayachuja, anabakiza vijidudu na mabaki ya mimea, anatema yaliyosalia. Akichoka kuchuja anakwangua mwani kwenye mawe. Basi. Umbo la joka, mlo wa kifaranga. Wahenga walikuwa na jina la kiumbe wa namna hii, joka la kibisa, na sijui mnyama anayelistahili kuliko huyu.

Sura hiyo ndiyo inayomuua. Mnunuzi anaona meno, anamtupia vipande vya nyama au samaki hai wa kuwinda. Gobi havioni. Au anarushiwa chakula cha vipande vyembamba vikavu kinachoelea, samaki wengine wanakimaliza juu kabla hakijamfikia chini. Wiki sita baadaye mwenyewe analalamika kwamba samaki alikufa bila sababu. Sababu ipo: alikufa njaa huku chakula kikipita juu ya kichwa chake.

Kwa hiyo unapokwenda kununua, nenda kama mtu wa Kajiado. Mnadani Bissil hakuna anayekuuzia ng'ombe kwa kukuonyesha pembe. Unazunguka nyuma, unatazama nyonga, unahesabu mbavu, unamwambia atembee. Fanya vivyo hivyo dukani. Mwombe muuzaji amgeuze samaki kwa taratibu, utazame nyuma ya kichwa na tumboni. Tumbo liwe limejaa kiasi, lisibonyee kuelekea ndani. Kichwa kisionekane kikubwa kuliko mwili. Mwambie amlishe mbele yako. Wangu niliuziwa kama samaki wa maji baridi, akiwa kwenye tangi moja na samaki wadogo wepesi waliokuwa wakimpokonya kila tonge, na muuzaji akaniapia kwamba hali hiyo ndiyo maumbile yake. Usikubali maneno hayo. Kukonda hakujawahi kuwa maumbile ya mnyama yeyote.

Tuje kwenye maji, maana hapa ndipo penye kazi.

Gobi joka hutaka maji ya mlangoni mwa mto, pale maji baridi yanapokutana na bahari. Usidhani mahali hapo ni pageni kwetu. Mvua ikinyesha Kitengela, maji yanashuka hadi Mto Athi. Athi unakutana na Tsavo, unaitwa Galana, kisha Sabaki, na karibu na Malindi unaingia Bahari ya Hindi ukiwa mwekundu kwa udongo wa bara. Pale kwenye matope ya Sabaki na kwenye mikoko ya Mida na Gazi wamo gobi wa kwetu, wakiwemo wale wanaotoka majini na kurukaruka juu ya tope kama vyura. Ukimfuga gobi joka Entarara, unachofanya ni kuurudisha mwisho wa mto kuelekea chanzo chake, ukauweka sebuleni.

Bahari ina chumvi takriban gramu 35 kwa lita. Huyu anatosheka na gramu saba hadi kumi na mbili. Kwa tangi la lita 200, gramu saba kwa lita ni kilo moja na gramu mia nne. Tumia chumvi ya matangi ya bahari, ile inayouzwa na wauza samaki wa mapambo. Chumvi ya mezani haitoshi. Chumvi inapoganda kwenye mabwawa kama yale ya Gongoni, kinachoganda kwanza kwa wingi ni chumvi ya kawaida, na magnesi inabaki kwenye yale maji machungu yanayomwagwa. Samaki anaihitaji ile iliyomwagwa pia. Kama alizoezwa maji baridi dukani, usimtumbukize kwenye chumvi kwa siku moja. Ongeza kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne, ukipima kwa kipimachumvi kila mara.

Najua mtu wa Kajiado atakachosema: maji ya kisima chetu tayari yana chumvi, nihangaike kununua ya nini? Chumvi ya kisima si chumvi ya bahari. Visima vyetu vingi vina floraidi, ndiyo inayoyatia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia, na ladha ile ya chumvi haikwambii kuna nini zaidi. Kisima kimoja hakifanani na jirani yake. Pima. Ukipata maji ya bomba la Nolturesh, yanayotoka chemchemi za miguuni mwa Kilimanjaro, anzia hapo. Kama yametiwa klorini, yaache kwenye pipa lililo wazi siku moja au mbili pampu ya hewa ikiyatia mapovu, au tia dawa ya kuondoa klorini.

Na tafadhali, usitie magadi. Nasema hivi kwa sababu ziwa liko kaunti yetu na magadi yako kwenye kila jiko linalopika githeri. Ni kweli kwamba Ziwa Magadi lina ngege wake, samaki wa ajabu kabisa, anayeishi kwenye chemchemi za nyuzi 40 na magadi makali kiasi cha kuunguza ngozi. Lakini ngege yule mwili wake umejipanga upya: badala ya kutoa amonia kama samaki wengine, hutoa urea. Gobi hana uwezo huo. Ukitia magadi, unaigeuza amonia iliyomo tangini kuwa ile aina yenye sumu kali, na asubuhi utamkuta juu akihema.

Amonia hiyo inanileta kwenye subira. Tangi jipya ni kama kibuyu kipya. Hakuna mama anayemimina maziwa kwenye kibuyu kibichi akategemea lala tamu kesho yake. Lazima kibuyu kizoee, na akiwa na haraka hutia masalio ya lala ya zamani. Tangini pia kuna bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Mwombe rafiki mwenye tangi kongwe sifongo la kichujio chake, ikiwezekana la maji yenye chumvi kama yako, uliweke kwenye kichujio chako. Samaki aje baada ya vipimo kuonyesha amonia sifuri na nitriti sifuri. Kabla ya hapo anakuja kuzikwa.

Tangi liwe refu kuliko lilivyo na kina, urefu wa mita moja na robo au zaidi. Lita 200 ni kilo 200 za maji pekee, kwa hiyo liwekwe juu ya matofali yaliyojengwa, si juu ya stuli ya televisheni. Chini weka mchanga laini sentimita tano au zaidi, kwa sababu gobi huuteka kinywani siku nzima. Kokoto kali zitamchana midomo. Mchanga wa mto unafaa ukichekechwa na kuoshwa hadi maji yatoke meupe. Ule uliomwagwa karibu na saruji uache. Tia vipande viwili vya bomba la plastiki la inchi mbili, laini ndani. Mchana atakaa humo, kichwa nje, akikutazama kama mzee aliyeketi kwenye kizingiti cha nyumba yake. Funika juu, uweke na kitu kizito. Gobi huruka, na sakafu ya Entarara haina matope ya kumpokea.

Sasa chakula, ambako wengi huanguka. Lisha usiku taa zikiwa zimezimwa, kwa kuwa yeye ni wa usiku. Chakula kizame, kiwe kidogo kama punje za uji. Vidonge vya mwani aina ya spirulina vilivyopondwa ni vizuri sana. Mwani wa jamii hiyohiyo ndio unaowanenepesha heroe wa maziwa ya magadi. Kamba wabichi waliosagwa, kwa kiasi kidogo, anawapenda. Atemia, wale vijidudu wa chumvi waliopandikizwa kwenye mabwawa ya Gongoni miaka ya 1980, ni chakula chake cha heshima wakiwa wamegandishwa au wametotolewa nyumbani. Chota mchanganyiko huo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukiwa umefunga mpira mwembamba mbele, ushushie karibu na mlango wa bomba lake. Usimchokoze. Subiri. Atanusa, atatoa kichwa, atafungua ule mdomo wa kutisha na kuanza kumeza mchanga na chakula pamoja, mchanga ukitokea kwenye mashavu kama unga kwenye chekeche. Nimekaa usiku mwingi nikiangalia hilo na sijalichoka.

Asubuhi ondoa mabaki. Kila wiki badilisha asilimia 20 ya maji: lita 40, yaani jerikeni mbili. Zitie gramu 280 za chumvi, ukoroge vizuri kabla ya kumimina. Maji yanayopungua kwa joto na upepo uyajazie kwa maji baridi matupu. Chumvi haipandi hewani, inabaki tangini ikizidi kukolea. Yale machafu usiyamwagie sukuma wiki, utazikausha. Yamwage chooni. Na kama jerikeni mbili kwa wiki ni mzigo kwa nyumba yako, usifuge. Kati ya mwaka 2020 na 2022 tulipitia ukame wa misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana, watu wa kaunti hii wakaburuta mizoga ya mifugo yao. Hakuna samaki wa mapambo anayestahili maji kabla ya mtoto na ndama.

Baridi usiidharau. Gobi anataka nyuzi 24 hadi 28. Usiku wa Julai upepo wa nyanda za Athi unaingia hata kwenye tundu la ufunguo. Nunua kipasha maji cha wati 200, na kipimajoto ili usikiamini kipasha bila ushahidi. Stima ikipotea, zungushia tangi blanketi na uwashe pampu ya hewa ya betri. Pampu hiyo ni muhimu kuliko blanketi, kwa sababu bila mapovu bakteria wa kichujio nao huanza kufa.

Wenzake wawe wapole na wa maji ya chumvi, kama moli. Ngege usimweke kamwe. Atamlia chakula chake, atamng'ata mapezi, na gobi hatajitetea, meno yake yote yakiwa ni ya kuchuja tope.

Siku moja huenda ukahama, au ukachoka. Mpe mfugaji mwingine, au mrudishe dukani. Usimpeleke mtoni. Mwaka 1970 kamba wa maji baridi wenye asili ya Louisiana, pwani ambako hata gobi huyu anaishi, waliingizwa Ziwa Naivasha. Waliyafyeka majani ya ziwa, na hadi leo hakuna aliyeweza kuwatoa. Mto wetu unaishia Sabaki, na Sabaki kuna gobi wake.

Mzee jirani alirudi miezi mitatu baada ya siku ile. Aliinama mbele ya kioo kama awali, akatazama nyuma ya kichwa, akatazama tumbo. "Huyu sasa ameshiba," akasema. Basi kila Jumamosi, kabla ya kushika jerikeni, tazama tumbo hilo. Likibonyea, ongeza chakula cha usiku huohuo, usingoje Jumamosi nyingine.