Namba ya Gari Yenye Jina: Gumzo la Kijiwe cha Kashikishi

Namba ya gari ya kujichagulia huuzwa kwa njia mbili. Ama serikali hutaja ada, mwenye gari akalipa na kuandikiwa alichokitaka. Ama huitisha mnada, na namba ikaenda kwa mwenye mfuko mrefu kuliko wenzake. Nchini Zambia, ambako magari husajiliwa na wakala wa usafiri na usalama barabarani, RTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, namba yenye jina hulipiwa ada. Katika kijiwe cha Kashikishi, wilayani Nchelenge, mjadala wa namba hizi hushika kasi kati ya Desemba na mwisho wa Februari, miezi ambayo uvuvi wa Ziwa Mweru hufungwa na midomo hufunguliwa.

Wajumbe wa kijiwe hiki ni wale wale wa kila kijiwe: Mzee wa Boti, ambaye boti yake imeinuliwa juu ya mawe hadi Machi, Mama Chisense, mchuuzi wa dagaa wa ziwa hilo, Mwalimu Mstaafu, mwenye jibu kabla ya swali, Kijana wa Simu, mwenye swali baada ya jibu, na Dereva wa Mansa, ambaye peke yake ana gari, nalo ni la tajiri wake.

Namba ya kawaida haichaguliwi. Nchini Zambia gari hupewa herufi tatu na tarakimu kwa zamu ya daftari, na mwenye gari huchukua anachopewa. Magari ya serikali hubeba GRZ, na hapo ndipo raia alipojifunza kwamba herufi zina uzito kuliko bati zilikoandikwa.

“GRZ ikifika kizuizini, askari anarekebisha kofia,” alieleza Dereva. “Nikifika mimi, anarekebisha kalamu.”

“Basi andika jina la tajiri wako,” akasema Kijana wa Simu.

“Askari ajue wa kumpigia simu? Bora nibaki na hizi za zamu.”

Tanzania nayo hutoza ada, na takwimu zake ziliwafanya wajumbe wasogeze viti. Mwenye gari huko huweza kuachana na mtindo wa T, tarakimu tatu na herufi tatu, akaweka jina lake. Hadi mwaka 2016 ada ilikuwa shilingi milioni 5. Bajeti ya mwaka huo wa fedha iliipandisha hadi milioni 10, tena kwa miaka mitatu tu, kisha mwenye jina alitakiwa kulipa upya. Sababu ya serikali ilikuwa mapato: anayetaka kusomwa barabarani anazo za kulipia wasomaji.

“Ngoja, Mwalimu,” Mama Chisense alikatiza. “Milioni kumi, halafu baada ya miaka mitatu jina linaisha?”

“Haki ya kulitumia ndiyo inayoisha, Bamayo.”

“Mimi jina nilipewa na shangazi bila hata ndizi, na halijaisha mpaka leo.”

Kasoro ya ada ni kwamba haitofautishi. Jina zuri na jina la hovyo yana bei moja, na anayewahi ndiye anayepata. Uingereza ilipoanza kuandikisha magari mwishoni mwa 1903, husimuliwa kwamba Earl Russell alikesha kwenye foleni ili aipate A 1. Hakulipa chochote cha ziada isipokuwa usingizi wake. Serikali ya huko ilichukua miaka zaidi ya themanini kugundua kwamba usingizi ule ungeweza kuuzwa: minada ya namba ilianza mwaka 1989, na haijakoma.

Mnada una utaratibu wake. Mnadi hutangaza orodha ya namba mapema. Mshindani hujiandikisha, na mahali pengi huweka amana ili asije kuwa mpiga kelele tu. Siku yenyewe bei ya kuanzia hutajwa, washindani wakapandisha hatua kwa hatua, na nyundo ikigonga hakuna kurudi nyuma. Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba bei haiwekwi na mshindi. Huwekwa na yule wa pili, aliyefika mbali kisha akachoka. Mshindi humzidi kwa hatua moja tu. Mwalimu alilisema hili mara mbili bila kueleweka, mpaka Mama Chisense alipompokonya somo.

“Ni beseni la hapa pwani,” alisema. “Wavuvi wakishuka na samaki, tukiwa wachuuzi wa Kashikishi peke yetu, bei inajulikana. Akitokea mmoja wa Kasumbalesa mwenye lori tupu, beseni lile lile linapanda. Akitokea wa pili mwenye lori tupu, sisi tunakwenda nyumbani kupika mboga.”

“Na samaki ni wale wale,” akaongeza Mzee wa Boti.

“Samaki wale wale, Bashikulu. Kilichoongezeka ni lori.”

Malori matupu ya dunia yamejaa Ghuba. Katika Falme za Kiarabu thamani ya namba huenda na ufupi wake: tarakimu tano ni za kila mtu, tatu ni za mwenye nafasi, na moja ni ya mwenye kutaka watu wajue. Februari 2008, mjini Abu Dhabi, mfanyabiashara Saeed Al Khouri alinunua namba 1 kwa dirhamu milioni 52.2, zaidi ya dola milioni 14 za wakati ule. Rekodi hiyo ilidumu miaka kumi na mitano. Aprili 2023, Dubai iliuza namba P 7 katika mnada wa hisani. Bei ya kuanzia ilikuwa dirhamu milioni 15. Nyundo iligonga kwenye milioni 55. Fedha zilikwenda kwenye kampeni ya milo bilioni moja kwa wenye njaa.

Kijiwe kilinyamaza, jambo ambalo mwezi Januari hutokea kwa nadra.

“Gari lenyewe lilikuwa ndani ya bei?” Dereva aliuliza.

“Gari halikuwemo. Namba tu.”

“Basi aje na hapa. Nina gari lisilohitaji namba, linahitaji matairi.”

Mwalimu hakucheka, na hoja yake ndiyo iliyobeba siku. Ada huchukua kiasi kile kile kwa mwenye majivuno madogo na mwenye majivuno makubwa. Mnada hukata majivuno kwa kipimo chake, wala haumlazimishi mtu yeyote kulipa. Hong Kong imenadi namba tangu 1973, na mapato ya zile za kawaida huenda kwenye kazi za hisani. Mwaka 2016 namba 28 ilileta dola milioni 18.1 za huko. Kodi ambayo mlipaji huinua mkono akiomba aongezewe ni adimu, na kwa hilo mnada una haki kuliko ada. Mzee wa Boti alikubali, akaomba tu mapato yajenge gati.

Gharama za pembeni hazitajwi na wanaojisifu. Namba 25 O, iliyoweka rekodi katika minada ya serikali ya Uingereza Novemba 2014, iligongewa nyundo kwa pauni 400,000, lakini baada ya kodi na malipo ya mnada mnunuzi alitoa zaidi ya pauni 518,000. Tena hakununua mali kamili: kinachouzwa ni haki ya kuitumia namba, ambayo hubaki chini ya sheria ya usajili. Huko huko Uingereza ni marufuku kuweka namba inayolionyesha gari kuwa jipya kuliko lilivyo. Kijana wa Simu alisikitika, kwa kuwa hilo ndilo pekee lililokuwa limemvutia.

Hasara ya mwisho ni kujulikana. Namba ya zamu husahaulika kabla vumbi halijatua, jina halisahauliki.

“Gari lenye jina likiegeshwa pale baa saa tano za usiku,” alisema Mama Chisense, “mke hahitaji kupeleleza. Anasoma.”

“Na mwenye deni lake anasoma,” akasema Dereva.

“Na mchungaji,” akamaliza Mzee wa Boti.

Kwa msomaji wa Nchelenge ambaye bado anataka jina lake liandikwe kwenye gari: nenda RTSA ukiwa na waitibuku, yaani hati ya usajili wa gari, na kitambulisho chako, uliza ada ya siku hiyo, ulipe na udai risiti. Anayekupigia simu akidai anakuuzia namba yenye jina kwa mnada wa faragha, mkatie.