Wiki ya Tatu ya Kwaresima

Jumatatu. Mhazini wa jumuiya ameleta daftari la michango. Bibi wa nyumba ya mwisho amelazwa hospitali ya mjini, na tumekubaliana kumchangia. Majina yenye ahadi ni mengi, yenye fedha ni machache. Aliyetangulia kutoa ni mlinzi wa usiku, ambaye mshahara wake wa mwezi uliopita haujatoka. Nimeliandika jina lake juu kabisa, maana ndiyo nafasi yake.

Jumanne. Mvua imenyesha usiku kucha. Mto Msimbazi umefurika na barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani, kama ilivyo kila masika. Nilitoka Kimara na chupa ya uji wa moto. Magomeni tulishushwa wote, tukazunguka kwa miguu na kwa bajaji. Hospitalini nilikuta saa ya kuona wagonjwa ya mchana imekwisha. Askari wa getini alinionyesha benchi, nikasubiri ya jioni. Benchi lilijaa watu wenye vikapu kama changu.

Jioni kulikuwa na itifaki yake: kadi moja, mgeni mmoja, bila mzigo mkubwa. Bibi alipoona uji alicheka. Akauliza kama kitambaa cha madhabahu kimefuliwa, maana yeye ndiye hukifua, na Kwaresima hii kile cha zambarau kilikuwa na doa la mshumaa. Nikamwambia kimefuliwa, na doa limetoka.

Aliomba nimsomee Zaburi ya 121. Nilianza kusoma, yeye akawa ananitangulia maneno huku macho yamefumbwa, mkono umeshika pindo la shuka. Ile zaburi ameibeba tangu kipaimara. Nilipomaliza, mama wa kitanda cha pili, Mwislamu, aliitikia Amina. Saa ikaisha, wakatutoa.

Jumatano. Umeme ulikatika katikati ya ibada ya jioni. Kinanda kikanyamaza, kipaza sauti nacho. Jenereta lipo, petroli haikuwepo. Kijana aliyetumwa alirudi na dumu tupu. Kituoni walikataa kuuza petroli kwenye dumu. Basi tukafungua Mwimbieni Bwana kwa tochi za simu. Kwaya iliimba bila chombo, na waliokaa nyuma wakaimba pia, jambo ambalo spika zikiwaka huwa halitokei. Mwinjilisti alihubiri kwa sauti yake ya kawaida na kila neno likafika. Ningependa tujaribu hivyo hata siku yenye umeme.

Alhamisi nilikaa ndani na kuandaa somo la jumuiya. Ijumaa kulikuwa na mvua tu.

Jumamosi. Tulisali saa 12 asubuhi kwa mama wa genge. Bati lake linavuja mahali pawili, hivyo viti vya plastiki vilisogezwa mara kwa mara na ndoo zikabaki katikati yetu. Mchungaji alipaswa kuwepo lakini aliitwa msibani alfajiri. Somo likawa langu.

Nilizungumza juu ya Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844. Julai ya mwaka huohuo mkewe, Rosine, alifariki muda mfupi baada ya kujifungua. Baada ya siku chache yule mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa anaugua homa. Hata hivyo aliendelea na kazi aliyokuwa ameianza, ya kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, na mwaka 1850 akachapisha sarufi ya lugha hii. Nilitaka tuone imani isiyokata tamaa.

Mama wa genge akauliza: nani alimpikia uji siku ile? Kimya kikaingia, matone yakasikika kwenye ndoo. Yeye alimzika mumewe miaka michache iliyopita, na anajua siku ile mtu hula kwa sababu kuna aliyekaa mbele yake akamwambia kula. Tumezoea kuhubiri uvumilivu wa mfiwa. Imani ya mfiwa, mara nyingi, hushikiliwa na aliyekuja na sufuria. Somo liliisha hapo, na kwa maoni yangu liliisha pazuri.

Jumapili. Ibada ilikuwa njema. Matangazo yalikuwa marefu mno: ndoa, safari ya kwaya, kamati ya ujenzi, viti vya kukodi, mkoba uliookotwa. Wagonjwa walisomwa mwisho. Wakati huo watu walikwishaanza kutoka kuelekea mnadani, na jina la Bibi lilisomewa mabenchi ya mbele. Liliniuma.

Mnadani mjukuu wake alileta jogoo, sadaka ambayo Bibi aliagiza kutoka kitandani. Fundi cherehani akamnunua kwa elfu thelathini, akamrudisha. Mwingine akamnunua, akamrudisha. Yule jogoo aliuzwa na kuuzwa akiwa amefungwa miguu, na wote waliomnunua walijua ni wa nani. Fedha zile ni za kanisa. Za hospitali zilikusanywa pembeni, kwenye kofia ya mlinzi, na bado hazitoshi.

Mchungaji anakwenda leo alasiri kumpelekea Chakula cha Bwana. Kabla hajaondoka nilimfuata ofisini nikamwomba wagonjwa na wafiwa wasomwe kwanza, kabla ya tangazo lolote la fedha. Alinisikiliza vizuri. Alisema utaratibu wa matangazo hubadilishwa na baraza la wazee. Baraza linakaa mwezi ujao, ajenda zake zimejaa tayari, na ya kwanza ni viti. Nimeandika hoja yangu kwa mkono na kuiacha mezani kwa katibu.