Betri na Vifaranga wa Kukhu

Sebule yetu hapa Chwele ina soketi moja, na miaka yote ilitutosha: jioni redio, usiku balbu ya vifaranga, asubuhi simu. Kisha Baba Watoto akaleta pikipiki ya betri, ya mkopo, nyumba ikapata mlaji mpya.

Nilifurahi kuliko yeye. Nimefua makoti yenye harufu ya petroli miaka tisa, nikitazama pesa ya unga ikimiminwa kwenye tangi. Stima ya Kenya kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji ya Tana na upepo wa Turkana. Kwa nini tuchome mafuta yaliyovuka bahari?

Usiku wa kuamkia soko alichomeka betri saa mbili, kwenye waya ule ule uliowasha balbu ya Kukhu, mama mkwe wangu. Ndani ya katoni mlikuwa na vifaranga 18 wa siku nne. Saa saba usiku tokeni zikaisha, nasi tumelala. Baridi ya Mlima Elgon ikashuka.

Alfajiri watano walikuwa wamekufa, wamebanana pembeni. Kukhu aliwafunga kwenye kitambaa polepole, mmoja mmoja. Hakumkemea mtu.

"Mwanangu," alisema, "marehemu baba yako alibeba watu kwa baiskeli pale mpakani Busia, siku zile jina la boda boda linaanza. Kwenye mlima alishuka akasukuma. Lakini baiskeli yake haikula cha nyumbani."

Baba Watoto hakujibu. Alikuwa na neti mbili za vitunguu za kupeleka Kapsokwony, na betri ilikuwa nusu. Tambarare aliipita vizuri. Baada ya Kimilili barabara inapanda, na mzigo mlimani hunywa betri kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Ikazima. Mteja alilazimika kushuka kuchukua vitunguu vyake, akapunguza bei.

Jioni hiyo sikumlaumu mume wangu, wala pikipiki; kasoro ni kwamba huduma za betri hazijatufikia sisi wa kijijini. Mpango wa kitaifa wa vyombo vya umeme ulizinduliwa Mombasa Septemba 2023. Nairobi dereva huacha betri tupu kwenye kituo, akaondoka na iliyojaa kwa dakika chache. Mwaka huo huo wa 2023 iliwekwa bei maalumu ya kuchaji: shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa zisizo na msongamano, kabla ya kodi na tozo. Lakini bei hiyo ni ya mwenye kutumia zaidi ya uniti 200 kwa mwezi. Nyumba ya soketi moja itafika huko lini? Ninachotaka ni kibanda cha betri sokoni Chwele, pale pale vitunguu na kuku vinaposhushwa, ili dereva asichaji kwa joto la vifaranga.

Kukhu ndiye aliyetupangia. Betri huchajiwa mchana, dereva akija kula. Tokeni husomwa kabla ya kulala. Karibu na katoni sasa kuna chungu cha makaa yaliyofunikwa majivu, kama alivyofanya zamani.

Siku ya soko iliyofuata alitoka na kikapu cha majogoo wawili. Pikipiki za petroli zilimsubiri njiani. Akazipita, akapanda nyuma ya mwanawe. Nilisimama mlangoni nikisikiliza. Majogoo hawakupiga kelele hata mara moja.