Visingizio Saba vya Fundi Asiyetaka Kurudia Klia

Mteja wa rangi ya fleki, ile yenye chenga zinazometa, hulipia chenga. Anataka tangi la pikipiki yake likitoka kivulini, kijiwe kizima kigeuke. Hajui kwamba kumwaga chenga ni kazi ya asubuhi moja. Kinachofuata ni klia, vanishi angavu ya kuzifunika: kupuliza, kusubiri, kupiga msasa, kupuliza tena. Hapo ndipo mafundi hodari hugeuka wanasheria. Tuhesabu kushuka, tukianza na kisingizio kinachosameheka.

7. "Mvua inanyesha."

Kimepokelewa. Unyevu ukiingia kwenye kompresa hutokea kwenye bunduki ya rangi, na tone la maji likishatua kwenye klia hakuna wa kulibembeleza. Ila ulichoruhusiwa kuahirisha ni kupuliza, ndugu yangu. Msasa wa maji umeanza lini kuogopa maji?

6. "Dukani imebaki P80."

Basi funga gereji ukalale. Msasa wa P80 ni wa kula filla. Mifereji yake haifichiki, jua likipiga kila mtu ataiona. Kusugua kati ya klia na klia kunataka P400 hadi P600. Halafu yuko mtakatifu wa upande wa pili, anayesugua kwa P2000 "ili iwe laini", kisha anapuliza juu yake. Klia iliyokwisha kukauka haiyeyukiani tena na mpya. Kinachobaki kuzishikanisha ni mikwaruzo. Ukiinyima mikwaruzo, siku moja klia itabanduka kama nyoka anayevua gamba, na mteja atakuletea lile gamba mkononi.

5. "Nimepapasa, laini kabisa."

Kiganja kilichoshika spana miaka yote hiyo hakitoi ushahidi hapa. Puliza ukungu mwembamba wa rangi nyeusi, uache ukauke, halafu sugua kwa kibao cha mpira. Palipobaki peusi ni bonde. Usisugue kwa vidole vitupu: vidole hulifuata bonde hadi chini, likabaki vilevile, ila sasa linang'aa.

4. "Tupige mikono minane leo, tumalize."

Hiki kina hesabu yake, na hesabu inakikataa. Mkono mmoja wa klia ya siku hizi, ile ya kuchanganya na hadina, ukikauka huacha unene wa maikroni 20 hadi 30 hivi. Chenga ya kawaida ina upana wa milimita 0.4, yaani maikroni 400. Ikilala, mikono michache inaifunika. Ikisimama wima, hata mikono kumi haiifikii kichwani! Kwa hiyo dawa ni kuzilaza chenga tangu mwanzo na kuzifunika kwa awamu, si kuzigharikisha.

Ukizigharikisha, ngozi ya juu ya klia hukauka kabla thina ya chini haijatoka. Thina haina subira: itatoboa vishimo ikitafuta njia, au itatoka polepole kwa wiki kadhaa huku klia ikinywea na chenga zikichomoza tena. Gari linaondoka kioo, linarudi chapati. Piga mikono mitatu au minne, kila mmoja upumue dakika 10 hadi 15, kisha liache lilale usiku. Mafundi wa Los Angeles wa miaka ya 1960, walioifanya fleki kuwa fahari ya paa za magari yao, walitumia laka, nyembamba kuliko klia zetu, na iliwalazimu kurudia mara nyingi zaidi. Wewe umepewa hadina na bado unalalamika.

3. "Msasa utakula fleki."

Hapa mwoga ana hoja. Chenga ni kipande cha plastiki kilichopakwa alumini, na rangi yake iko juu tu. Ikatwe kidogo, rangi yote inaondoka, inabaki nukta ya fedha inayokutazama. Huwezi kuiziba kwa klia, kwa sababu klia haina rangi, ndiyo maana ikaitwa klia. Itabidi umwage chenga upya.

Lakini msasa unakuonya mapema, mradi usiwe unachati. Maji yakitiririka meupe kama maziwa, unakula klia, endelea. Ukiona kimeta kimoja kwenye povu, inua mkono. Simama! Kama bado pana mabonde, puliza klia nyingine kwanza, kesho urudi. Kwenye kona na mikunjo ya bodi klia hujivuta na kuwa nyembamba, kwa hiyo zibandike utepe unaposugua katikati, kisha zipitishe mwishoni kwa mkono mwepesi.

2. "Barakoa inanibana."

Pumu hubana zaidi. Hadina ina isosaineti, na mvuke wake haujali kitambaa ulichojifunga usoni. Kinachofaa ni kinyago cha kuletewa hewa safi kwa mpira. Mwenye kusema "mimi nimezoea" aulizwe mapafu yake yamesemaje.

1. "Mbona imeshang'aa?"

Huyu ni bosi mwenyewe, mwenye tangi, amepita Jumatano na kulikuta limelowa. Bosi, maji yamejaza mabonde kwa muda, ndiyo maana unajiona mzuri. Subiri likauke, kisha tazama taa ndefu ya dari inavyojichora juu yake. Kingo za taa zikipinda na kukatikakatika, kazi haijaisha. Zikinyooka, bado kuna P1500, P2000, P3000, kisha kompaundi na sponji, taratibu, kwa sababu mashine ikipata moto kwenye kona inatoboa klia upesi kuliko msasa. Na nta usipake mwezi huu, klia bado inapumua.

Ulichukue Ijumaa? Ijumaa ya wiki gani, bosi?