Jina Halina Meno

Ukipeleka ng'ombe mnadani hapa Garsen, mnunuzi atamfungua mdomo ahesabu meno, atampapasa nundu, kisha atakwambia amekonda. Hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Mimi bidhaa yangu haina mdomo wala nundu. Nauza majina ya intaneti.

Niliyanunua saba kwa usiku mmoja, umeme umekatika, mbu wananiimbia, na simu ina chaji asilimia kumi na moja. Nilikuwa nimesoma kwamba mwaka 2019 kampuni moja ya Marekani iliuza jina la voice.com kwa dola milioni 30. Sauti tu, jamani, na haishikiki! Nikajiuliza, maembe je? Maembe angalau yanalika. Jina la .co.ke halikunigharimu hata elfu mbili kwa mwaka, na mambo ya .ke, ambayo KENIC ndio wasimamizi wake, hayana mengi: anayewahi ndiye mwenye jina. Nikawahi. Hakuna aliyekuwa akinikimbiza, lakini niliwahi.

Sasa mwaka unaisha, ujumbe wa kulipia tena umeanza kuingia, na mama watoto ameshaniuliza hizo elfu kadhaa zilikwenda wapi. Ndiyo nikaingia barabarani kutafuta wateja.

Shida ya kwanza ni neno lenyewe. Wataalamu wa Kiswahili wanasema "kikoa". Nikamwendea mzee mmoja mwenye hoteli pale Minjila, njia inapogawanyika kwenda Lamu. Nikampa shikamoo yake, nikamwambia, "Mzee, nina kikoa kizuri kinachokufaa wewe hasa."

Akafurahi. "Leo zamu ya nani?"

Kwetu pwani kikoa ni kula kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Ilinichukua muda mrefu kumweleza kwamba hakuna wali, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyonitazama kama mtu aliyealika watu halafu akamwagia jiko maji.

"Kwa hiyo ni jina," akasema mwisho.

"Ni jina, mzee."

"La hoteli yangu."

"La hoteli yako."

"Si lile pale ukutani?" Kweli lilikuwepo, kwa rangi nyekundu, na mkia wa herufi ya mwisho umepanda juu ya dirisha kwa kukosa nafasi. "Na wewe umelipataje jina langu hata uniuzie?"

Huko Geneva, shirika la WIPO limekuwa likipokea kesi za namna hii tangu 1999, na mtu aliyewahi jina la mwenzake kwa nia mbaya ya kumwuzia mwenyewe hunyang'anywa. Mzee hakuhitaji Geneva. Alitoa hukumu chai yangu ikiwa bado moto, na chai akanitoza.

Wanaojua biashara hii wanasema usiguse jina la mtu, shika neno la jumla: bidhaa, mahali, kazi. Basi nikaenda kwa mwenye bucha na jina la nyama. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu kabisa, kwa sababu alidhani naelekea kuomba kilo moja ya mkopo. Alipojua sivyo, alishusha pumzi, akaniambia wateja wake wote wanamjua, na wasiomjua hawajui nyama.

Tumaini langu likabaki kwa mama wa maembe. Ana shamba upande wa Gamba, miembe ya ngowe ya tangu enzi za babu yake, na kila msimu dalali anakuja na lori, anataja bei, anapakia. Huyu ndiye mteja! Nikamwambia, "Mama, ukiwa na jina lako kwenye intaneti, mnunuzi wa Nairobi anakutafuta wewe mwenyewe. Dalali anakaa pembeni."

"Na barabara je, naye anaitafuta kwenye intaneti?" Akanikumbusha mvua za El Niño za 2023, maji yalivyotanda. "Mnunuzi alikuwa na namba yangu. Alikuwa na jina langu na la marehemu mume wangu. Hakuja."

Nikajaribu lingine, na hili nilikuwa nimelipika nyumbani. Nikasema mto huu wa Tana umehama mkondo mara ngapi, vijiji vimeachwa kwenye mkondo mkavu, watu wakahama na jina la kijiji chao. Jina la intaneti nalo halisombwi na maji. Nikamwona anafikiri. Nikatoa simu nimwonyeshe ukurasa niliouandaa, wenye maandishi makubwa: JINA HILI LINAUZWA. Kaunta yake inasema umetembelewa mara kumi na moja. Zote ni mimi.

Binti yake, yuko Kidato cha Tatu, akachungulia begani kwangu. "Mjomba, mbona umeandika 'maebme'?"

Nikaangalia. Maebmeyatana. Mwaka mzima nimelilinda, nimelitangaza, nimekataa kulipunguza bei chini ya elfu arobaini, na sikuwahi kulisoma.

Mama wa maembe hakucheka. Alifanya kibaya zaidi, alinionea huruma. Akasema kwa kuwa nimekuja mbali na jua ni kali, na jina lenyewe lina kilema, atanipa ndoo mbili za ngowe tumalizane. Kilema hicho nilikijua: ndivyo wanavyosema mnadani wakishaona meno. Nikakubali.

Nilipofika nyumbani mama watoto alipokea ndoo, akasema afadhali. Hakuuliza kuhusu yale sita mengine. Usiku simu ikalia: jina maebmeyatana litaisha muda baada ya siku tisa, tafadhali lipia. Lilikuwa bado kwenye akaunti yangu, kwa sababu mama wa maembe hana akaunti na alishaniambia hataki. Na ndoo moja ya ngowe ilikuwa imeshaliwa.