Kidole cha Pili

Mtaani kwetu Tabata, mwanamume aliyeweka nywila kwenye simu yake ni mtuhumiwa, na asiyeweka ni mjinga. Cheo cha katikati hakuna. Ukiifunga simu utaulizwa unaficha nini. Ukiiacha wazi huulizwi kitu, maana majibu yote yameshasomwa, kilichobaki ni kusomewa hukumu wakati unanawa mikono ule ugali.

Mimi nimeishi pande zote mbili na sijaona nafuu. Simu ikikaa mezani kioo juu, kila ujumbe unaoingia unasomwa na meza nzima. Hizi simu janja zina umbea wa kiwandani: hujaigusa, imeshamtangazia kila aliye karibu jina la aliyekuandikia na maneno yake ya mwanzo. Ukiigeuza, unaulizwa, "Baba watoto, mbona simu yako siku hizi inalala kifudifudi kama imefiwa?" Ukienda nayo chooni, una lako jambo. Ukienda chooni mikono mitupu, ukirudi utakuta simu imehamia upande wa pili wa kochi, na chaji imeshuka.

Bibi yangu naye alikuwa akimpekua babu, tusisingizie utandawazi. Lakini alipekua koti. Koti lilitundikwa msumarini, na mfukoni mlikuwa na ugoro, tiketi ya basi, na Mungu akijalia noti iliyokunjwa, ambayo ndiyo hasa aliyokuwa akiitafuta. Upekuzi uliisha kabla maji ya chai hayajachemka. Mfuko wa leo una maneno ya miaka, picha, ramani ya kila ulikopita, na kila shilingi iliyotoka imeandikiwa saa na dakika.

Sasa sikilizeni. Juzi niliingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya alama za vidole. Mimi nilisajili dole gumba la kulia, basi. Simu ikanionyesha Kidole cha 1 na Kidole cha 2. Nikajaribu vidole vyangu vyote, mkono huu na huu, nikavitazama hata vya miguuni. Hakuna kilichoitikia jina la Kidole cha 2. Na simu haikubali kidole kipya mpaka kwanza uipe patani. Kwa hiyo kuna mtu ndani ya nyumba yangu mwenye patani, mwenye kidole, na mwenye uso mkavu wa kuniuliza asubuhi kama nimelala salama.

Patani ilivujaje? Sihitaji kuita wapelelezi. Tuna mtoto wa chekechea ambaye jina lake bado linampiga chenga, lakini patani ya baba yake anaichora hata kwenye vumbi, kwa sababu ndiyo inayomfikisha kwenye katuni. Unaweza kubadilisha patani leo mchana, jioni katuni zinaendelea. Huyu mtoto hana ubaya. Ukimpa biskuti anaeleza, na mama yake ndiye mwenye biskuti.

Wale wanaodhani alama ya kidole ni salama kuliko nywila hawajawahi kulala fofofo pembeni ya mke aliye macho. Novemba 2017, ndege ya Qatar Airways iliyokuwa ikitoka Doha kwenda Bali ilibidi itue Chennai, India. Vyombo vya habari viliripoti kwamba mama mmoja alikichukua kidole cha mumewe aliyekuwa amelala, akakibandika kwenye simu, ikafunguka. Aliyoyakuta humo yalimtoa kwenye kiti, na wahudumu wakashindwa kumtuliza. Walishushwa wote, mume, mke na mtoto wao, ndege ikaendelea na safari yake. Watu walicheka sana. Mimi huwa namfikiria yule bwana: umelala unakwenda ufukweni Bali, unaamshwa uko Chennai, na unayetakiwa kueleza ni wewe.

Najua mnataka kuniuliza: kwani wewe una nini humo? Swali la polisi hilo, lakini nitajibu. Mchepuko sina, bei ya mafuta ya kula hainiruhusu. Ninacho kijihela ninachomtumia mama kijijini kila mwezi, ambacho nyumbani kinajulikana kuwa pungufu ya kilivyo. Nina deni la Songesha, ule mkopo wa M-Pesa. Nina mchango wa harusi ya jamaa niliyesoma naye, niliouahidi nikiwa nimekaa na wanaume wenzangu, kila mmoja akitaja kiwango kwa sauti. Na nimo kwenye grupu la ukoo, ambamo dada zangu wanajadili mambo ya wake za kaka zao kwa uhuru ambao Bunge letu lingeuonea wivu. Hayo ndiyo ya kuficha. Hakuna hata moja la kuvunja ndoa, lakini kila moja linatosha kuharibu Jumamosi.

WhatsApp haisaidii. Ukifuta ujumbe uliomtumia mtu, yenyewe inaweka tangazo papo hapo kwamba ujumbe umefutwa. Sasa umefuta nini? Bora ungebaki na tusi lenyewe, lingejulikana ukubwa wake. Ukiwasha jumbe zinazojifuta zenyewe, inaandika humo humo kwenye mazungumzo kwamba zimewashwa, na ni nani kaziwasha. Mwaka 2023 wakaleta kufuli ya kufungia mazungumzo unayotaka. Nikafurahi, mpaka nilipoona kwamba ukivuta orodha kidogo, lile boksi la mazungumzo yaliyofungwa linajitokeza lenyewe kusalimia. Baadaye mwaka huo huo wakaongeza namba ya siri ya kulificha boksi. Yaani kufuli ilihitaji kufuli. Na ile ya kwanza, mwenye patani anayo.

Ila kilichonichosha kuliko vyote ni ujumbe wa muamala. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo pesa ya mwanamume ikitoka inaacha maandishi: kiasi, saa, na jina la aliyepokea kwa herufi kubwa. Sasa muuza chipsi wetu pale stendi, kijana wa kiume mwenye ndevu, laini yake imesajiliwa kwa kitambulisho cha mkewe. Bodaboda anayenirudisha usiku anatumia laini ya dada yake. Fundi bomba, ya shemeji. Ukisoma simu yangu bila kunijua, utaona mwanamume anayetuma elfu tatu tatu kwa wanawake tofauti kuanzia saa mbili usiku.

"Huyu nani?"

"Ni chipsi."

"Chipsi ina jina la kike na la ukoo?"

"Ni mke wa muuza chipsi."

"Kwa hiyo ni mke wa mtu."

Nitajitetea vipi hapo? Nimemhifadhi fundi bomba kwa jina la Fundi Bomba, kwa sababu ni fundi bomba. Lakini wanaume wa mji huu wameshawaandika vimada wao Fundi Bomba, Mzee wa Mkaa, Dokta wa Ng'ombe, hadi fundi wa kweli akipiga saa tatu usiku kusema valvu imepatikana, mimi natoka jasho. Waongo wameyamaliza majina yote ya ukweli.

Nikaona nitumie dini. Nikamkumbusha mama watoto Suratul Hujurat, aya ya 12, kwamba Mwenyezi Mungu amekataza kupelelezana. Akatulia, akaniambia aya hiyo inaanza kwa kukataza dhana. "Ndiyo maana mimi sidhani, baba watoto. Nahakikisha." Kisha akaongeza kwamba kusengenyana nako kumekatazwa humo humo, sasa lile grupu la dada zangu nalisemeaje? Hapo nikajua hata kule ameshafika.

Nikahamia serikalini. Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake, unyumba wake, maskani yake na mawasiliano yake. Akaniomba niisome tena, polepole. "Umesikia? Unyumba umetangulia, mawasiliano yamekuja mwisho." Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ndiyo kali: kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu makusudi na kinyume cha sheria, faini haipungui shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote. Simu nayo imo. Lakini hebu niambieni, faini hiyo ya mke wangu atailipa nani? Na nikifika kituoni, askari wa zamu, naye ana mke, ataniuliza lile lile: kwani simu yako ina nini?

Mimi nalalamika kwa sababu kwetu ugomvi unaishia kwenye kununiwa na chai isiyo na sukari. Zipo nyumba ambamo simu ya mke inakaguliwa kila jioni na mwanamume asiyeishia kununa. Dada uliye kwenye nyumba hiyo, usiishie kuangalia ujumbe: fungua WhatsApp sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uone kama kuna kompyuta usiyoijua inayosoma pamoja nawe, na uangalie vidole vilivyosajiliwa. Ila kwanza mtafute mtu wa kukaa naye, maana kumfungia mtu wa namna hiyo mlango ghafla kunaweza kukuletea kipigo.

Na ninyi mnaotaka kumnunulia mwenzenu programu ya kumchungulia, kuna kampuni iitwayo mSpy inayouza hiyo biashara. Taarifa zake zilivuja mwaka 2015, zikavuja tena 2018, zikavuja tena 2024. Unataka kumsoma mumeo peke yako, kumbe unamgawa kwa dunia, na jina lako wewe mnunuzi limo. Wale wa kwenye mitandao wanaoahidi kukufungulia WhatsApp ya mpenzi wako kwa elfu hamsini, hao wakishapokea hela ndio mwisho wa kuwasikia.

Kidole cha 2 sijakifuta. Kukifuta ni kukiri kosa ambalo sijalitenda, na kesho yake kingerudi na wenzake. Ombi langu ni kwa wauza chipsi, bodaboda na mafundi bomba wote wa Tabata: ndugu zangu, sajilini laini kwa majina yenu wenyewe. Kuanzia wiki ijayo, asiye na laini yenye jina la kiume nitamlipa taslimu, na chenji anirudishie.