Zungusha Betri, Mpwa Wangu

Mjomba wangu wa Tanga hajasomea umeme hata siku moja, lakini rimoti ikigoma anaamuru macho yakiwa palepale kwenye runinga: "Zungusha betri, mpwa wangu!" Nazungusha kwa kidole gumba, chaneli inabadilika. Vijana wa nyumbani humcheka wakidhani ni ushirikina. Wapi! Betri na springi yake hugusana kwa vijincha vichache tu, na hewa ya pwani, kwa chumvi na unyevu wake, haikawii kuvifunika kwa utando wa kutu unaozuia umeme. Ukizungusha, unaukwangua. Hata rimoti inayopigwa makofi kama mtoto mtukutu hupona kwa sababu hiyohiyo, ingawa wanaoipiga hawakusudii tiba.

Msuguano huohuo ukiwa mdogo mno ni maradhi. Friji hutetemeka likiwaka, hutulia likizima, usiku kucha. Viungo vya nyaya zake vinaposogea kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, kutu husagika ikawa unga, unga ukabaki palepale, na kutu mpya ikaota. Vilivyopakwa bati ndivyo vinavyoteseka zaidi. Dhahabu haishiki kutu, ndiyo maana laini ya simu imepakwa dhahabu. Wewe unayeifuta kwenye shati kila mtandao ukipotea, ujue unapangusa mali.

Sasa ile soketi ya ukumbini kwetu, yenye umri mkubwa kuliko ndoa ya shemeji yangu. Asubuhi ya Idi foleni ya kanzu ni ndefu, na pasi inawaka ukiinamisha plagi, inazima ukiiachia. Shemeji akaleta njiti ya kiberiti, akaishindilia pembeni.

"Fundi wa nini, shemeji? Imekaa hiyo!"

Ikakaa kweli. Ila pasi ya wati 2,300 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea 10. Kiungo kilicholegea kikiwa na ukinzani wa omu 0.1 tu, huzaa joto la wati 10 kwenye kitone kidogo. Joto hulegeza springi, kulegea huongeza ukinzani, ukinzani huongeza joto. Pasi ilipofika mkono wa pili wa kanzu yangu, ukumbi mzima ulinuka plastiki, na njiti ikafanya kazi iliyotengenezewa: ikawaka.

Niliswali Idi nimenyooshwa upande mmoja. Mjomba alinishauri nisimame karibu na ukuta.

Msomaji, ukichomoa plagi ukakuta pini zake ni za moto, zima swichi, mwite fundi abadilishe soketi. Kuzungusha ni kwa betri za rimoti tu. Na njiti za kiberiti zibaki jikoni.